Abiria Hana Kadi

Suruali mpya ilikuwa ndefu kuliko miguu yake, na mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, anakunja upindo. Alikuwa fundi wa nguo. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake: cherehani dirishani, vitambaa vya wateja juu ya kochi, na mahali pa mgeni kukaa hapakuwapo mpaka kitu kihamishwe.

"Simama sawa," alisema. "Unayumba kama uko ndani ya basi."

Kamanda akasimama sawa. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, kwa sababu kwenye mikutano yeye ndiye aliyesema, na akisema watu walitega masikio. Shati lake jipya lilikuwa la kijani, na kifuani lilikuwa limetariziwa neno moja: MKAGUZI.

"Na sare za kaka yangu utaniletea lini?" mkewe aliuliza, maneno yakipenya kwa taabu kati ya pini. "Yeye ni mfupi kuliko wewe. Asipopunguziwa ataonekana kama kavaa mapazia."

"Wanaita kwa makundi. Kundi lake bado."

"Makundi yenyewe yana mwendo wa konokono."

"Shirika ni kubwa, mama. Na nilishakuambia, usimwambie mtu. Hata wifi yako."

"Kwani nimemwambia nini? Namwambia tu asijali, mambo yatakaa sawa." Akachomoa pini ya mwisho mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa. "Haya, vua. Ukitembea hivyo utajichoma, halafu useme mke ndiye mbaya."

Alivua akiwa amempa mgongo. Kila alipotaja "makundi" alijikuta anatafuta kitu cha kutazama, na asubuhi hiyo alitazama ukuta.

Makundi hayakuwapo. Kulikuwa na miji mitatu iliyopakana, kila mmoja na mabasi yake, rangi yake na tiketi zake. Mtu aliyetoka mji mmoja kwenda mwingine alishuka kwenye mpaka, akavuka daraja kwa miguu, mvua au jua, akakata tiketi nyingine upande wa pili. Watu walilalamika miaka nenda miaka rudi. Hatimaye serikali ikayaunganisha yote kuwa shirika moja la mkoa: rangi moja, kadi moja, basi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata madereva hawakukataa kwamba lilikuwa jambo jema. Walichokataa ni mkataba mpya, uliosema kila dereva ataanza kazi upya kama mtu aliyeajiriwa jana. Miaka yao yote kwenye usukani ingefutwa, na kiinua mgongo kingeondoka nayo.

Kamanda ndiye aliyewakusanya gereji, kati ya mabasi mawili mabovu. Ndiye aliyesema, "Hakuna kusaini. Wakituhitaji watatuhesabia miaka yetu. Na tukianguka, tuanguke wote. Kifo cha wengi harusi." Akawaambia wanyooshe mikono juu, wakanyoosha. Wa kwanza kunyoosha alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, yule aliyemfundisha kuendesha basi, aliyemsemea apate kazi, na ambaye kwa miaka mingi walipokezana basi moja, asubuhi huyu, jioni yule.

Siku chache baadaye shirika lilimwita Kamanda peke yake makao makuu, katika ule mji mkubwa ng'ambo ya daraja. Alikwenda akiwa na hotuba kichwani. Hakupata nafasi ya kuitoa. Meneja alimvutia kiti, akamwita bwana, akamwambia watu wenye akili kama yake hawapaswi kufia kwenye usukani. Ukaguzi ulikuwa na nafasi. Ila saini ilitakiwa mapema, kabla dirisha la kusaini halijafungwa. Baadaye Kamanda angejiambia kwamba ni ada ya chuo ya binti yake, na mgongo uliokuwa ukimsumbua. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini alipoishika ile kalamu, kilichokuwa moyoni mwake ni kile kiti, na lile neno bwana.

Hakumwambia mtu. Muda wa kusaini ukapita, dirisha likafungwa, na shirika likaleta madereva kutoka kwingine. Madereva wa zamani walibaki nje wakiwa wamoja, kama walivyoapa. Kamanda akawa anakwenda ng'ambo kila siku, mafunzoni, sare ikiwa ndani ya mfuko. Kwa mkewe alisema ni makundi. Wenzake aliwaambia anakwenda makao makuu kuwapigania. Wakimwona anapita asubuhi na mfuko wake, walimpungia mkono. "Kaza buti, Kamanda!" Naye alipunga.

*

Siku aliyoanza kazi ya kweli, meneja alisema wapande wote wawili, amwone anavyokagua. Njia waliyopangiwa ilikuwa ile ndefu inayounganisha miji yote mitatu, na basi walilopanda lilikuwa likitokea mji wake mwenyewe.

Walilipandia kituo kimoja kabla ya daraja. Lilikuwa basi jipya, viti bado vina harufu ya duka, na nafasi zilikuwa tele. Meneja aliketi nyuma ya dereva, akakunja nne. Kamanda akaanza mbele kwenda nyuma, mashine ndogo mkononi. Abiria aliigusisha kadi, mashine ikalia na kuwaka kijani, yeye akasema asante. Bibi mmoja mwenye miwani alimshika mkono hata baada ya kadi yake kukubali.

"Mwanangu, Mungu awabariki. Zamani nikienda kliniki, daraja lile nalivuka kwa miguu, nafika sina hata pumzi ya kumwambia daktari ninaumwa nini. Leo nimepanda mlangoni kwangu, nimesinzia, na bado sijashushwa!"

"Karibu sana, bibi."

"Mlichelewa wapi siku zote hizo?"

Watu wakacheka, meneja akatabasamu, na Kamanda akahisi kifua kinajaa. Kwa dakika hiyo alikuwa mtu anayefanya kazi nzuri katika jambo zuri. Akasogea kiti kilichofuata.

Aliyekaa hapo, dirishani, alikuwa shemeji yake.

Alikuwa amevaa shati lake la kuendea kanisani na misibani, limepigwa pasi mpaka mikono. Aligeuka, akamwona, uso ukaanza kufunguka kwa furaha. "Ah! Kumbe uko huku! Mimi ndio nilikuwa naku—"

"Kadi yako, tafadhali," Kamanda alisema.

Sauti yenyewe ilimshangaza. Ilikuwa ile waliyofundishwa.

Macho ya shemeji yakashuka kutoka usoni hadi kwenye kola, kutoka kola hadi lile neno lililotariziwa, yakaenda mpaka kwenye viatu, yakarudi. Hayakuwa na haraka. Furaha iliyokuwa imeanza usoni mwake haikuondoka mara moja. Ilibaki pale kidogo, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba shughuli imeahirishwa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambulisho cha zamani cha manispaa, kilichochakaa pembeni. Kwa kitambulisho hicho alikuwa amepanda mabasi bure maisha yake yote ya kazi, na dereva mpya, ambaye hakujua lolote, alikuwa amempitisha mlangoni.

Kamanda akakigusisha kwenye mashine. Ikalia vibaya, ikawaka nyekundu. Akakigusisha tena, ingawa alijua.

"Hiki hakitumiki tena."

"Tangu lini?"

"Tangu shirika jipya lilipoanza."

"Basi sikupata habari," shemeji alisema polepole. "Aliyekuwa anatuletea habari hajarudi."

"Kuna tatizo?" Meneja alikuwa ameshageuka kwenye kiti chake.

"Hapana, mkuu. Abiria hana kadi."

"Faini, au ashuke. Sheria ni moja kwa wote." Meneja akamtazama yule mzee mwenye shati la pasi, kisha akamtazama Kamanda. "Mnafahamiana?"

Basi zima lilikuwa limenyamaza kwa namna watu wanavyonyamaza wakipata cha bure cha kutazama. Kamanda angeweza kusema huyu ni shemeji yangu, nitamlipia. Ni maneno ya kawaida kabisa, na hakuna kazi ambayo ingemponyoka kwa kuyasema. Hilo alilijua siku hiyohiyo, na alilijua vizuri zaidi kila siku iliyofuata. Lakini kusema huyu ni shemeji yangu kungeleta maswali kutoka pande zote mbili za kiti, na yeye hakuwa na jibu la kutosha hata upande mmoja.

"Hapana," alisema.

Shemeji aliinuka, akajishika kwenye bomba kama mtu anayejua basi litakavyoyumba likifunga breki, akasogea mlangoni. Alikuwa na mfuko mdogo wa karatasi aliouacha kitini, akarudi kuuchukua. Bibi mwenye miwani akasema, si kwa sauti ya chini, "Mzee mzima, nauli tu jamani." Kijana mmoja akacheka.

Basi liliposimama, mtu mwingine aliinuka kutoka viti vya nyuma kabisa. Kamanda alikuwa amesimama katikati ya njia, hakumwona mpaka alipofika mgongoni mwake. Alikuwa msichana mwenye sare nyeupe ya chuo cha uuguzi, vitabu kifuani. Alikuwa binti yake.

Siku zote huondoka mapema zaidi. Siku hiyo alikuwa amechelewa.

"Samahani, mzee," alisema. Hakumtazama. "Naomba kupita."

Kamanda akabana ubavu kwenye kiti, binti akapita. Akateremka, akamkuta mjomba wake kwenye ukingo wa barabara, akampokea ule mfuko. Mlango ukajifunga wenyewe, kwa pumzi ile ndefu ya mabasi mapya, na basi likapanda daraja.

"Vizuri," meneja alisema. "Umekuwa na msimamo. Wengine wanaona haya siku ya kwanza."

*

Jioni alirudi nyumbani akiwa amejiandaa kwa kelele. Njia nzima alikuwa amezipanga: mkewe atasema hivi, yeye atajibu hivi, atapandisha sauti hapa, hapa ataishusha. Alipofungua mlango alimkuta mkewe anaimba chinichini, anashona sare za shule.

"Pole na kazi. Chakula kiko mezani. Leo nimeletewa tenda ya shule nzima, hebu fikiria!"

Binti alitoka chumbani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akampita kama kawaida, akaenda kuanua nguo. Kamanda alikaa mezani, akala, na kila tonge lilimpita kooni kama limevaa viatu. Mkewe alisimulia habari ya tenda, ya mama mwenye nyumba, ya bomba la maji. Kisha akasema, "Leo asubuhi kaka alipita hapa akanisalimia. Kapendeza! Akasema anakwenda ng'ambo kwenye makao makuu. Mmeonana?"

Tonge lilisimama njiani. "Alikwenda kufanya nini?"

"Wenzako wamemtuma. Wamesema haiwezekani Kamanda awe anahangaika peke yake kila siku na wale wakubwa, hana hata wa kumshikia mkoba. Wakasema kaka ndiye mtu mzima, akae naye. Nikamwekea vitafunio kwenye mfuko mle njiani, wewe na yeye. Hamkuonana?"

"Hatukuonana," Kamanda alisema, na hiyo ilikuwa mara ya pili kumkana mtu yuleyule siku moja.

Alitoka uani. Binti alikuwa anakunja mashuka, akiyapiga hewani yanyooke.

"Umemwambia mama yako?"

"Mjomba amenikataza."

"Alisema nini?"

"Alisema ni mambo ya watu wazima." Akakunja shuka mara moja, mara mbili. "Akasema labda umefundishwa kusema hivyo kazini, nisikuhukumu. Akanipa vile vitafunio vyenu, akasema nitashinda na njaa chuoni. Halafu akaniuliza kama nina hela ya kuendelea na safari. Yeye, baba. Ndiye aliyeniuliza."

"Akarudi kwa usafiri gani?"

"Wa miguu."

Kamanda alitaka kusema jambo kuhusu ada. Alikuwa nalo mdomoni kabisa: yote haya ni kwa ajili yako. Binti alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na alikuwa na macho ya mama yake, ambayo hupima mtu bila kutumia futi. Akaliacha neno lirudi lilikotoka.

"Mimi nilidhani siku moja nitaona aibu kwa ajili ya umaskini wetu," binti alisema. "Nilishajiandaa na hiyo." Akabeba mashuka, akaingia ndani.

*

Alikaa na jambo hilo siku nzima iliyofuata, na nyingine. Angelifukia kabisa kama watu wangemsaidia kwa kumkasirikia. Lakini shemeji hakuja kugombana, binti aliendelea kumwamkia, na wenzake barabarani waliendelea kumpungia. Shemeji alikuwa amewaambia nini? Hilo ndilo lililomkosesha utulivu. Hatimaye alimuuliza mmoja wao kwa kuzunguka, na yule akajibu, "Alisema alifika hakukukuta, ulikuwa kikaoni. Pole sana, Kamanda. Wanakupeleka puta wale."

Yuleyule aliyeshushwa kwenye basi ndiye aliyekuwa amemfunika nguo.

Siku hiyo alimkuta mkewe akikata vitambaa mezani. Akahamisha nguo za watu kwenye kochi, akaketi, na akasema yote. Hakusema vizuri. Alianzia mwisho, akarudi mwanzo, akaruka daraja, akalirudia. Mkewe aliendelea kukata mpaka alipofika kwenye "hapana." Hapo mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Aliulizwa mnafahamiana?"

"Niliulizwa mimi."

"Ukasema?"

"Nimeshakuambia."

"Nataka uliseme tena. Mara ya kwanza masikio yangu yamekataa."

"Nilisema hapana."

Nje mtu alipita anasukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mbele ya mlango, yakapotea.

"Kusaini ni kusaini," alisema mwishowe. "Njaa ina mdomo, na kila mtu ana wake wa kulisha. Ungeniambia, ningekasirika, ningenyamaza. Ungemwambia kaka, naye angesaini kesho yake, au angekataa kwa akili yake mwenyewe. Lakini ulimnyima hata hilo." Akaweka mkasi chini. "Na mimi? Nimekaa jikoni kwa wifi yangu. Mwanamke anauza vyombo vyake vya harusi, mimi namwambia asijali, mambo yatakaa sawa. Nilimwambia kwa mdomo huu. Ulimi wangu uliuazima ukadanganyia nao watu, na ukanirudishia mchafu."

"Nisamehe."

"Mimi ni wa mwisho kwenye mstari huo. Wote wapo kwa kaka leo, si siku yao ya kukutana? Nenda ukaseme kule."

Kamanda akainuka, akachukua shati lake la nyumbani msumarini.

"Si hilo," mkewe alisema. Akaenda chumbani, akarudi na sare. Aliitandika mezani juu ya vitambaa vya shule, akaipiga pasi, kola, mikono, kifua, akizungusha pasi taratibu kulizunguka lile neno lililotariziwa. Aliipiga vizuri, kama anavyoipiga nguo ya mteja anayelipa. Kisha akamnyooshea. "Wamezoea kuuona mfuko tu. Sasa waione sare yenyewe."

*

Ulikuwa mchana mweupe, jua likiwa halijaanza kuteremka. Mtaa mzima ulikuwa nje. Alipita na kijani chake katikati ya watu waliomjua, na walio wengi hawakujua kisa chochote. Waliona sare tu. "Hongera, jirani! Kumbe mmeshinda!" alisema muuza mkaa. "Usitusahau, baba!" Alijibu asante. Hakujua jibu lingine la hongera ni lipi. Mwendo ambao siku zote aliumaliza akipiga mluzi siku hiyo ulirefuka.

Nyumba ya shemeji ilipakana na uzio wa gereji ya zamani. Madereva walikuwa wamekaa kwenye kibaraza na chini ya ukuta, penye kivuli, wengine kwenye madebe, wengine kwenye kiti cha basi kilichong'olewa. Kipara, aliyekuwa mzee kuliko wote na mwenye utani kuliko wote, alikuwa anasimulia kitu, na mkono wake ulibaki hewani. Shemeji alikuwa ameketi kizingitini. Alipomwona amevaa vile, alitikisa kichwa kidogo, kama anayesema haikuwa lazima. Kamanda aliona kwamba hata sasa mlango wa kukwepa uko wazi. Angeweza kusema sare hii wamenipa jana.

"Nilisaini," alisema. Hakuamkia mtu. "Nilisaini kabla dirisha halijafungwa. Nilikuwa naondoka asubuhi, mnanipungia, nakwenda mafunzoni. Sikumpigania mtu hata siku moja. Na shemeji yangu hakunikosa kule. Tulionana ndani ya basi. Nilimshusha kwa kukosa kadi. Nikaulizwa kama namjua, nikasema simjui."

Ndani ya nyumba sufuria iliwekwa chini. Wifi alitokea mlangoni nyuma ya mumewe, mikono ina maji, akasimama.

Kamanda alisubiri. Alikuwa amekuja na mwili wake wote kwa ajili ya hilo. Alitegemea Kipara ndiye ataanza, kwa kuwa ulimi wake haukujua kuogopa. Alitegemea tusi, alitegemea hata kofi, na alikuwa ameamua kutoinua mkono. Alimtazama mmoja baada ya mwingine. Wengine walitazama chini. Mmoja alikuwa analitazama lile neno kifuani na midomo yake ilikuwa inalisoma.

Kipara alikohoa.

"Kwa hiyo," alisema, "wewe uko ndani kabisa."

"Niko ndani."

"Na huyo meneja... mnaongea? Anakusikiliza?"

Kamanda hakuelewa mara moja. "Ananisikiliza."

"Maana nimesikia wale madereva wao wapya hawazijui njia. Nimesikia wawili wameshagonga." Kipara aliinuka kwenye kiti kile cha basi, akavua kofia, akakipangusa kiti kwa kofia hiyohiyo. "Mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua." Hakuna aliyecheka. "Hata kuosha mabasi. Hata getini. Ukimdokeza tu. Hiyo miaka wakiifuta waifute, mkuu, miaka haichemki kwenye sufuria."

Mkuu. Mtu ambaye alikuwa amemwita Kamanda kwa utani na kwa upendo, kwa miaka yote hiyo, alimwita mkuu na hakuwa anatania.

"Kipara, hukunisikia nilivyosema?"

"Tumesikia. Yamepita hayo."

"Ni kweli, yamepita," mwingine alidakia, na alikuwa ameshasimama. "Kila mtu angefanya hivyo. Mimi mwenyewe, mke wangu alinisukuma niende nisaini, basi tu nilikuwa naona haya kwako." Kisha wote wakawa wamesimama, wamemkaribia. Mwanangu ana leseni safi. Mimi ile njia ya daraja naijua nimefumba macho. Ukitutajia hata majina tu. Walisema kwa sauti za chini, kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake kidogo na kumsukuma kidogo, na mmoja wao aliondoa uzi uliokuwa begani mwa lile shati la kijani.

Wawili kati yao walikuja kupata kazi kweli, miezi mingi baadaye, mmoja ya getini na mmoja ya usukani, wakaanza kama watu walioajiriwa jana. Kipara hakupata. Shemeji akawa dereva wa lori la mtu wa matofali, na kazini alikwenda kwa miguu hata siku za mvua. Lakini hayo yalikuwa bado. Mchana ule Kamanda aliwaangalia juu ya vichwa vyao, akitafuta kizingiti. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa heshima hakuwa amejiandaa.

"Shemeji," aliita. "Wewe je? Wewe husemi kitu?"

Shemeji alikuwa ameinuka. Alimpokea mkewe kitambaa, akafuta mikono yake ingawa haikuwa na maji.

"Mimi nilishashuka," alisema kwa upole. Akaingia ndani.

Wifi alibaki mlangoni kidogo. Kisha naye aliingia, akatoka na sinia, na juu ya sinia glasi ya maji iliyofunikwa kisahani. Ilikuwa glasi ya wageni. Katika nyumba hiyo Kamanda alikuwa akinywa maji kwa kikombe cha bati, akijichotea mwenyewe, tangu siku aliyomposa mke wake. Wifi alipiga goti kidogo, akamshikia sinia kwa mikono miwili, macho chini.

"Karibu maji," alisema.

"Kaa, mkuu, unywe," Kipara alisema, akimsogezea kiti.

Kamanda akakaa. Akaichukua ile glasi, na watu wote pale kibarazani wakamngoja anywe.